Mteja akiuliza, mjibu hapo hapo

Tulikuwa kwenye kikao cha bodi ya SACCOS, saa nne asubuhi, tukimsikiliza kijana aliyetumwa na kampuni yake kutuuzia programu ya kutunza hesabu za wanachama. Projekta ilikuwa imewashwa, mapazia yamevutwa. Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya jengo la kampuni, ya pili dira, ya tatu dhima, zikafuata picha za wakubwa wake wakipokea vyeti. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima anayejua bila kufungua daftari nani anadaiwa kiasi gani, akanyoosha mkono. “Mwanangu, umeme ukikatika tukiwa katikati ya kupokea marejesho, zile hesabu zinabaki wapi?” Kijana akatabasamu. “Swali zuri sana, mama. Nitalifikia mbele.”

Hakulifikia. Slaidi zilikuwa nyingi, muda ukaisha, chai ikaletwa. Mwenyekiti akamshukuru na kumwambia tutawasiliana, na kila mtu mezani alijua maana yake. Huenda programu ile ilikuwa nzuri kuliko zote sokoni. Hatukupata kuijua, kwa sababu mtu pekee ambaye angeitumia kila siku aliuliza jambo moja na hakujibiwa.

Yule kijana simlaumu. Alijiandaa, alivaa vizuri, alikariri kila neno. Nawalaumu waliomwandalia maneno. Nimehudhuria maonyesho na vikao vingi vya namna hii, kwenye maofisi na kwenye mabanda, na naona ugonjwa ni uleule: tumeigeuza kazi ya kuuza kuwa mahubiri. Muuzaji anasimama, mnunuzi anakaa kimya, mwisho anatarajiwa kusema amina na kutoa hela. Mimi naamini wasilisho zuri la mauzo huanza na wasiwasi wa mnunuzi, na sehemu yake kubwa ni kumwonyesha kwa macho yake namna bidhaa inavyouondoa wasiwasi huo. Mengine yote yanaweza kuandikwa kwenye kipeperushi.

Mwaka 1854, kwenye maonyesho yaliyofanyika Crystal Palace jijini New York, fundi aitwaye Elisha Otis alipanda juu ya jukwaa la kupandishia mizigo, likavutwa juu mbele ya umati. Wakati huo mashine za kupandishia mizigo zilikuwepo tayari, ila watu waliogopa kuzipanda wao wenyewe, na hofu yao ilikuwa moja tu: kamba ikikatika je? Otis akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo, likanasa, likatulia. Breki yake ilikuwa imefanya kazi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1857, lifti yake ya abiria ilifungwa kwenye duka la Haughwout, barabara ya Broadway katika jiji hilo hilo, na leo kampuni yenye jina lake ni miongoni mwa kampuni kubwa za lifti duniani.

Otis angeweza kueleza uimara wa chuma chake kwa saa nzima. Aliichukua ile hofu waliyokuja nayo watu kutoka majumbani mwao, akaifanya ndiyo maonyesho yenyewe. Mweka hazina wetu naye aliuliza swali la kamba ikikatika. Kijana alikuwa na kompyuta mezani. Angeizima palepale kwa kuchomoa waya, akaiwasha tena na kumwonyesha mama kwamba hesabu zipo, au kama hazipo, akasema wazi hazipo na nini cha kufanya. Dakika tano zingemtosha, na slaidi zote zingebaki kwenye mkoba.

Utafiti nao unasema hivyo. Mtafiti Mwingereza Neil Rackham na wenzake walitumia miaka 12 kufuatilia mazungumzo ya mauzo yapatayo 35,000 katika nchi zaidi ya 20, na matokeo yake akayatoa katika kitabu mwaka 1988. Waligundua kwamba katika mauzo makubwa, yale ambayo mnunuzi hutafakari kwanza na kushauriana na wenzake, mazungumzo yanayofanikiwa ni yale ambayo mnunuzi ndiye anazungumza zaidi. Muuzaji hodari huuliza: tatizo lako ni lipi, linakugharimu nini, likiendelea itakuwaje. Na kuna jambo jingine ambalo wakubwa wa mauzo wangelisoma mara mbili. Muuzaji anapomwaga sifa za bidhaa moja baada ya nyingine, mnunuzi huanza kuhofia bei. Kila sifa ambayo hakuiomba anaihesabu kama kitu atakacholipia bila kukitumia. Zile mbinu za kumbana mtu aamue haraka, ambazo pengine hufaa kwa kitu kidogo, zilipunguza uwezekano wa kuuza kitu cha bei kubwa.

Slaidi zenyewe hazina kosa. Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987, ikarahisisha kazi iliyokuwa ya wachoraji. Kinachonisumbua ni kwamba slaidi humpa muuzaji njia iliyonyooka ambayo hataki kuiacha, hata mnunuzi anapoelekea kwingine. Mwaka 2004 Jeff Bezos alipiga marufuku slaidi katika vikao vya wakuu wa Amazon, wakawa wanaandika maelezo ya kurasa zisizozidi sita na kuyasoma kimya kwanza kabla ya kujadili. Sidhani kila ofisi ya Dar es Salaam au Nairobi inahitaji sheria hiyo. Lakini muuzaji ambaye hawezi kueleza bidhaa yake umeme ukiwa umekatika, bado hajaijua.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza kuonyesha. Nenda duka la vifaa vya umeme pale Kariakoo, uliza balbu. Kabla hujatoa hela, muuzaji anaitoa kwenye boksi, anaichomeka kwenye holda iliyopigiliwa ubaoni, inawaka, anaizima, anairudisha kwenye boksi mbele yako. Hajasema neno. Redio, pasi, feni, vyote vinajaribiwa mezani. Wafanyabiashara hao wanajua kwamba mnunuzi wa kwetu amekwishauziwa mbuzi kwenye gunia mara nyingi mno, kwa hiyo gunia linafunguliwa kwanza. Inashangaza kwamba mtu huyo huyo akiajiriwa na kampuni na kupewa tai, anafundishwa kulifunga tena.

Wasilisho bora kuliko yote niliyowahi kuyaona lilikuwa Sabasaba, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na aliyelitoa alikuwa dada mmoja aliyejifunga kanga kiunoni akiuza jiko la umeme la presha. Mabanda ya jirani yalikuwa na spika kubwa na vijana wakipokezana kipaza sauti. Yeye hakuwa na spika. Aliwauliza watu waliosimama mbele yake, “Nani hapa anapika maharage nyumbani?” Mikono ikanyooshwa. Akamchagua mama mmoja. “Mama, maharage ya watu wangapi? Unapikia nini? Mkaa wa kuyaivisha unanunua wa shilingi ngapi?” Mama akajibu moja moja, na watu wa nyuma wakaanza kumsahihisha na kutaja bei za mitaa yao. Katika muda mfupi banda zima lilikuwa linazungumzia gharama ya mkaa, na muuzaji alikuwa bado hajaisifia bidhaa yake.

Kisha akamkabidhi mama bakuli. Mama mwenyewe akapima maharage makavu, ambayo hayakulowekwa, akayaosha, akaweka maji na chumvi, akafunga kifuniko huku dada akimwonyesha mahali pa kufungia. Jiko lilichomekwa kupitia kimita kidogo cha kuonyesha uniti, kikiwa kwenye sifuri. “Kitazame wewe, mimi nisikiguse.” Hapo hapo akataja bei ya jiko, waranti yake na mahali fundi anapopatikana. Mtu mmoja aliyeona bei ni kubwa akaondoka. Hakumkimbilia.

Wakati jiko linafanya kazi yalikuja maswali, na kila moja lilijibiwa lilipoulizwa. Chapati? “Hapana mama, chapati hili halipiki. Usiuze jiko lako la zamani.” Ugali? “Wa watu wachache sawa. Wa watu kumi utakuchosha mkono, sufuria yake ni ya kina.” Na lile la siku zote: umeme ukikatika? “Ukikatika mwishoni, liache limefungwa, joto lake linamalizia. Ukikatika mwanzoni, utawasha mkaa. Ndiyo maana nasema mkaa usiutupe wote.” Nilimtazama yule mama aliyepima maharage. Kila jibu la “hapana” lilimfanya asogee karibu zaidi.

Kabla ya saa moja kuisha kifuniko kilifunguliwa. Dada hakuonja. Alimpa mama kijiko, mama akaminya harage kwa vidole viwili, likapondeka. Akainama akasoma kimita: haikufika nusu uniti. Kwa bei ya uniti ya kawaida ya majumbani, takriban Sh356 kodi na tozo zikiwa ndani, hiyo ni chini ya Sh180. Hesabu hiyo aliipiga mama mwenyewe kwa sauti, akailinganisha na fedha ya mkaa aliyoitaja mwanzo. Muuzaji alinyamaza. Nimewaona wauzaji wengi ambao wangeharibu mauzo kwenye sekunde ile kwa kuingilia kati na kusema zaidi.

Hili lina uzito kuliko biashara ya banda moja. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kampeni na hotuba zina nafasi yake, lakini uamuzi wa kuacha mkaa unafanyika jikoni, na anayeufanya ni mtu anayehesabu shilingi. Atashawishika akiona kimita.

Wakulima nao wana wasilisho lao, na ni la kweli kwa sababu huwezi kuliandaa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nanenane, kampuni za mbegu hupanda vipando miezi kadhaa kabla, ili wageni wanapofika mwezi Agosti wakute mahindi yamesimama shambani, kila aina na kibao chake. Mkulima anapita katikati ya mistari. Anamenya hindi, anahesabu mistari ya punje, anatazama kama ganda limefunika ncha yote, kwa sababu hindi lililochungulia nje hunyeshewa na kuoza. Afisa wa kampuni akiwa na busara anamfuata nyuma na kungoja aulizwe. Kampuni ya Seed Co imezipa mbegu zake majina ya wanyama: Tumbili ni ya muda mfupi, Tembo ni ya muda mrefu na ya hindi kubwa. Mkulima asiyekumbuka namba za maabara anakumbuka tumbili. Kazi ya kueleza ilishafanyika kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Kusikiliza kunaweza kubadilisha hata bidhaa yenyewe. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, kwa ushirikiano wa Vodafone na Safaricom na fedha za msaada kutoka Uingereza, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha kurejesha mikopo kwa simu. Jaribio lilifanyika Nairobi na Thika. Waliopewa huduma wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango: kumtumia ndugu hela, kuweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Wahusika wangeweza kusisitiza ujumbe wao wa marejesho ya mikopo. Walitazama watu wanavyofanya, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa wa kutuma pesa nyumbani. Mtu aliyeajiriwa mjini na mzazi wake yuko kijijini hakuhitaji slaidi hata moja kuelewa hilo. Mwaka uliofuata Vodacom waliileta Tanzania.

Sasa bei. Sijui nani aliwafundisha wauzaji wetu kwamba bei itajwe mwisho. Mnunuzi wa Kiswahili akipenda kitu, neno la kwanza kumtoka ni “shilingi ngapi?” Akizungushwa, anaamini ni ghali, au kuna jambo linafichwa, na kuanzia hapo hasikii lolote unalosema kwa sababu anaikisia bei. Mtajie. Kisha mpe cha kuilinganisha nayo. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza vifaa vya sola nchini Kenya mwaka 2012, mteja alitoa malipo ya mwanzo, halafu akalipa kidogo kidogo kwa simu, kiwango kilichozoeleka kikawa Sh50 za Kenya kwa siku. Kiwango cha aina hiyo kinalinganishika mara moja na mafuta ya taa ambayo familia inayanunua kila jioni. Ni ufundi mkubwa wa kuuza na naupongeza, ila nina sharti moja kwa kila anayeuza kwa malipo ya kila siku, awe wa sola, simu au pikipiki: taja na jumla. Mwambie mteja akimaliza kulipa atakuwa ametoa kiasi gani, na angelipa taslimu ingekuwa kiasi gani. Anayeuza kwa siku akaficha jumla anamkopesha mtu bila kumwambia.

Na hapo ndipo ninapokuwa mkali. Mbinu zinazomfanya mtu anunue zinaweza kutumiwa kumwibia, na Tanzania inalijua hilo. Mwaka 2009 Serikali ilipousimamisha mchezo wa upatu wa DECI, maelfu ya watu walikuwa wameshapeleka fedha zao kupanda “mbegu” wakitarajia kuvuna mara kadhaa. Hakukuwa na kitu cha kujaribu mezani. Kulikuwa na shuhuda za waliovuna. Siku hizi shuhuda hizo zinatumwa kwenye simu, pamoja na mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 zinawalinda watumiaji wa huduma za fedha. Sheria hizo ni za lazima, lakini hazisimami kwenye banda wakati mama anaambiwa ofa inaisha leo saa kumi na moja. Anayesimama pale ni muuzaji. Bidhaa ambayo haiwezi kusubiri mtu akamwulize mwenzake nyumbani, mimi siiamini, na muuzaji anayeharakisha namwuliza anakimbia nini.

Wapo watakaoniambia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo haya yote ya nini. Methali ni ya wahenga na ina ukweli wake, lakini soko la leo limejaa vizuri ambavyo havijulikani. Nawafahamu mafundi wa Kitanzania wanaotengeneza mashine nzuri za kukoboa na kupukuchua, zinashindwa na za kuagizwa kutoka nje kwa sababu fundi anaona aibu kusimama na kuzieleza. Fundi huyo hahitaji ufasaha. Aibebe mashine hadi kijijini, awaambie wanakijiji waje na mahindi yao wenyewe, aiwashe, awaache wapime gunia linaisha kwa dakika ngapi na kwa mafuta kiasi gani. Mkanda ukikatika mbele yao, aufunge mbele yao. Watakuwa wamejua na namna ya kuufunga.

Lawama kubwa inabaki kwa mameneja wa mauzo. Ninyi ndio mnaomwajiri kijana Jumatatu, mnampa karatasi ya maneno Jumanne na kumpeleka sokoni Jumatano kwa kamisheni tupu, bila mshahara, na lengo la mwezi ambalo nyie wenyewe hamlifikii. Kijana mwenye njaa hawezi kumwambia mteja “hapana, hili halipiki chapati.” Atasema linapika. Mwezi ujao mteja atarudisha jiko, au mbaya zaidi, hatarudi kabisa na atawasimulia majirani. Mkitaka vijana wasio waongo, wapeni mshahara wa msingi unaowatosha kusema ukweli. Kabla ya msimu wa maonyesho, kila mmoja apewe bidhaa akakae nayo nyumbani mwezi mzima, aipikie, ailalie, imharibikie na aitengeneze. Mzifute slaidi za majengo na vyeti vyenu. Na katika mafunzo yenu, muwape kila mmoja ruhusa ya kuacha chochote anachokisema pale mteja anaponyoosha mkono.